Cate Blanchett au Hugo Weaving: uanze na nani?

"Shikamoo mjomba." Ujumbe wa sauti ulianza hivyo, dakika nne na ushee, na kabla haujafika nusu nikajua kuna kazi inakuja. Mpwa wangu anasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa pili. Wamepewa zoezi: kila mmoja achague mwigizaji aliyefanya kazi jukwaani na kwenye filamu, amfuatilie tangu alipoanza hadi alipofikia, kisha asimame mbele ya wenzake aeleze kajifunza nini. Yeye amechuja akabakiwa na majina mawili, yote ya Australia: Cate Blanchett na Hugo Weaving. Muda alionao unamtosha mmoja. Nichukue yupi?

Nilianza kumjibu kwenye simu hadi vidole vikachoka. Basi nikaona niandike vizuri, huenda kuna mwingine amekwama hapo hapo, awe mwanafunzi au mtu tu mwenye bando la wikendi asiyetaka kulipoteza.

Hawa wawili wanalinganishika kweli, si kama kulinganisha embe na kiatu. Wamepita chuo kimoja, NIDA ya Sydney, taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho iliyoanzishwa mwaka 1958. Weaving alihitimu mwaka 1981, Blanchett mwaka 1992. Jukwaa lao kubwa ni moja pia, Sydney Theatre Company. Na wamekutana kazini mara kadhaa: Hedda Gabler jukwaani mwaka 2004, filamu ya Little Fish mwaka 2005, Uncle Vanya jukwaani mwaka 2010, bila kusahau The Lord of the Rings ambamo Blanchett ni Galadriel na Weaving ni Elrond. Kwa waliosoma ile hadithi, Galadriel ni mama mkwe wa Elrond. Blanchett ni mdogo kwa Weaving kwa miaka tisa. Wahusika hao hawafi kwa uzee, na huko kwa wasiokufa ndoa zina mahesabu yake.

Steringi na adui

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulikuwa na aina mbili tu za waigizaji: steringi na adui. Steringi hafi. Adui anakufa mwishoni, na kadiri anavyochelewa kufa ndivyo unavyoona kiingilio chako kimerudi. Kwa kipimo hicho, dunia inamjua Weaving kama adui. Ukimtajia mtu wa rika langu jina lake hatalikumbuka, ila mwambie "yule wa suti na miwani myeusi kwenye The Matrix" atakurukia. Filamu ile ya mwaka 1999 ilipigwa Sydney, na Weaving akiwa Agent Smith analitamka jina la steringi, Anderson, polepole, silabi kwa silabi, kama karani anayekuhesabia noti huku akijua zitapungua. Mwaka 2007 akawa sauti ya Megatron kwenye Transformers. Mwaka 2011 akavaa uso mwekundu wa fuvu kwenye Captain America. Hata kazi iliyomtambulisha kwao, mfululizo wa televisheni wa Bodyline wa mwaka 1984, alicheza Douglas Jardine, nahodha wa kriketi wa Uingereza ambaye mbinu zake za msimu wa 1932 hadi 1933 Waaustralia wanazinung'unikia hadi leo. Kijana ndiyo kwanza anaanza, na tayari taifa zima linamzomea!

Blanchett ni steringi. Elizabeth ya mwaka 1998 ilimweka katikati ya fremu na hajatoka hapo tangu siku hiyo. Ameteuliwa kuwania Oscar mara 8, akatwaa 2, ya kwanza kwa The Aviator ya mwaka 2004 na ya pili kwa Blue Jasmine ya mwaka 2013. Weaving hajawahi kuteuliwa hata mara moja. Kama mwalimu wako anapima kwa sanamu za dhahabu za Marekani, mjadala umeisha, chukua Blanchett ukalale.

Ila nenda kwao uone. Tuzo kuu ya filamu ya Australia kwa mwigizaji bora wa kiume, iliyokuwa ikiitwa AFI, Weaving ameibeba mara tatu: kwa Proof mwaka 1991, The Interview mwaka 1998 na Little Fish mwaka 2005. Na kwenye filamu zote tatu si yule adui wa miwani. Katika ya kwanza ni kipofu. Katika ya pili ni mtu asiye na kazi anayekurupushwa na polisi alfajiri chumbani kwake, anahojiwa filamu nzima, nawe hujui kama umwonee huruma au umwogope. Katika ya tatu ni nyota wa zamani wa raga aliyezama kwenye heroini. Kwa hiyo kuna Weaving wawili, wa nje na wa nyumbani, na anayemjua wa nje peke yake hajamjua. Blanchett hana mgawanyiko huo. Popote alipo, London au Sydney, ni yule yule mkubwa.

Walikotokea

Hapa nitapita haraka, maana maisha ya utotoni ya watu maarufu huwa yanasimuliwa kana kwamba kila kikombe kilichovunjika kilikuwa ishara.

Weaving alizaliwa Ibadan, Nigeria, mwaka 1960, kwa wazazi Waingereza. Familia ilihamahama, Afrika Kusini, Uingereza, hadi ikatua Australia mwaka 1976 yeye akiwa na miaka 16. Sikiliza Kiingereza chake: hakina kwao. Anaweza kuwa bwana mkubwa wa London, mashine, au jirani wa mtaa wa nyuma Sydney, na hakuna lafudhi inayomning'inia kama nguo ya kuazima.

Blanchett alizaliwa Melbourne mwaka 1969, mama Mwaustralia, baba Mmarekani wa Texas aliyefariki binti akiwa na miaka 10. Akaanza chuo kikuu, uchumi na sanaa, akakatisha akaenda kutembea duniani. Akiwa Misri, kama anavyosimulia mwenyewe, alijikuta ameingizwa kwenye kundi la watu wa kujaza ukumbi katika filamu ya ngumi, Kaboria, kazi yake ikiwa kumshangilia bondia Mmarekani. Aliporudi ndipo akaingia NIDA.

Jambo la NIDA la kukumbuka kuhusu Blanchett ni moja. Chuoni walikuwa wanaandaa Electra ya Sophocles, yeye kapewa Clytemnestra, mama mtu. Mazoezi yameshaanza, aliyepangwa kuwa Electra akajitoa, mwongozaji akamhamishia Blanchett kwenye nafasi hiyo. Yaani kutoka mama kwenda kwa binti anayemchukia huyo mama. Watu waliokuwepo wanaitaja kazi ile mpaka leo. Mwaka uliofuata, 1993, alikuwa tayari na Geoffrey Rush kwenye Oleanna, watu wawili tu jukwaani, na mwenzake ana uzoefu wa miaka zaidi ya ishirini. Hakuwa na mahali pa kujificha. Mwaka 1994 akawa Ophelia kwenye Hamlet ya Belvoir, kampuni ya maigizo ya Sydney, Rush akiwa Horatio na Richard Roxburgh akiwa Hamlet. Kwa watu wa Sydney, safu ile ni kama kikosi cha timu ya taifa cha mwaka ule usiosahaulika, mtu anakutajia wachezaji mmoja mmoja bila kupumua.

Mtu aliyenyang'anywa vifaa

Sasa niseme kilichonifanya nielemee kwa Weaving. Ukitazama orodha ya kazi zake utaona jambo la ajabu: mara nyingi amepewa nafasi iliyompokonya kifaa kimojawapo cha kazi. Proof imemnyima macho. V for Vendetta imemnyima uso. Megatron imemnyima mwili wote. Agent Smith imemnyima hisia, au angalau ruhusa ya kuzionyesha. Ni fundi seremala anayeambiwa leo hakuna randa, kesho hakuna msumeno, na meza lazima itoke.

Anza na Proof. Martin ni kipofu anayepiga picha. Anazipiga ili awe na ushahidi kwamba dunia aliyoelezwa na wenye macho ndiyo iliyopo, kwa sababu tangu utotoni anashuku kwamba mama yake alimdanganya kuhusu kilichokuwa nje ya dirisha. Anakutana na kijana muosha vyombo, Russell Crowe huyo, kabla dunia haijamjua, akamwomba amwelezee kila picha kwa maneno machache. Maelezo yakishatoka, Martin anayaandika kwa nukta za breli na kuyabandika kwenye picha. Tazama mikono ya Weaving hapo. Hapapasi kama waigizaji wengi wanavyocheza vipofu, mikono hewani kama mtu aliyekatikiwa umeme. Mikono yake ni ya mtu anayejua kila kitu kiko wapi na anakasirika kikisogezwa. Upofu hauchezi kabisa, anacheza kutoamini watu. Mpwa wangu, hilo peke yake ni robo ya mada yako.

Kisha V for Vendetta, ya miaka kumi na minne baadaye. Weaving aliletwa baada ya mwigizaji mwingine kuanza kupigwa picha kisha akaondoka, na kinyago hakivuliwi mwanzo hadi mwisho. Kinyago kinacheka, kimechongwa hivyo, hakina namna nyingine. Tukio la kuua kinacheka, la kumwandalia mtu kifungua kinywa kinacheka, la huzuni kinacheka. Alichobakiwa nacho ni shingo, mabega na sauti. Akiinamisha kichwa kidogo, kivuli kinaanguka chini ya nyusi na kile kicheko kinakuwa cha majonzi. Akikiinua, mwanga unajaa mashavuni na kicheko kinakuwa cha dharau. Watu wa kwetu wenye ngoma za vinyago hawahitaji kufundishwa hili, Mmakonde wa mapiko ukimwonyesha kipande kile atakwambia jamaa anajua. Filamu kama hadithi ina hotuba nyingi kupita kiasi, sitakudanganya. Mtazame shingo.

Na Priscilla, ya mwaka 1994, usiiache ukidhani ni mzaha. Wanaume wawili wanaocheza jukwaani wakiwa wamevaa kike, pamoja na mwanamke aliyebadili jinsia, wanavuka jangwa kwa basi kutoka Sydney hadi Alice Springs. Wenzake wawili, Terence Stamp na Guy Pearce, wana vituko vyote. Mavazi yalipata Oscar. Weaving amepewa kazi ngumu kuliko wote, ya kuwa mtu wa katikati, baba mwenye aibu ya kukutana na mwanawe. Nafasi isiyo na makofi.

Mtu mwenye kila kitu

Blanchett hakupokonywa chochote. Yeye anakuja na mzigo wote: uso unaobeba mwanga kama sufuria mpya, sauti nzito inayoweza kushuka hadi chini ya sakafu, mwili mrefu anaoutumia wote hadi vidole. Kazi zake kubwa ni za kuongeza kitu juu ya kitu hadi unajiuliza lini kitaporomoka, na kinapoporomoka ndipo unapoelewa alikuwa anajenga nini.

The Aviator alimcheza Katharine Hepburn, mwigizaji mwenye Oscar nne, akatwaa Oscar kwa kuigiza mshindi wa Oscar. I'm Not There ya mwaka 2007 alimcheza Bob Dylan wa katikati ya miaka ya 1960, nywele timutimu, sigara, picha nyeusi na nyeupe. Amesimulia mwenyewe kwamba aliweka soksi ndani ya suruali ili apate mwendo. Unaweza kucheka, lakini angalia anavyotembea: hajamwiga mwanaume, amempata kijana mwembamba aliyechoka kuulizwa maswali na waandishi wa habari. Mwaka 2015 kulikuwa na Manifesto ya Julian Rosefeldt, yeye peke yake wahusika 13, kuanzia mwalimu wa watoto hadi ombaomba wa kiume mwenye ndevu. Hiyo nampa mwanafunzi yeyote kama dozi, kipande kimoja kwa siku, si zote kwa mpigo, zitakuchosha.

Ila kama nitalazimishwa kumpa mtu filamu moja tu ya Blanchett, ni Tár ya mwaka 2022. Anacheza kiongozi wa okestra aliye kileleni. Kwa ajili ya kazi hiyo alijifunza kuongoza okestra, akajifunza Kijerumani, akarudia piano. Kuna tukio la darasani, mwalimu na wanafunzi wa muziki, takriban dakika 10, kamera haikatwi hata mara moja. Anakaa, anasimama, anapiga piano, anazunguka viti, anamkalia jirani mwanafunzi ambaye goti lake halitulii kwa woga, anatania, anang'ata. Hakuna mhariri wa kumwokoa akikosea. Tukio lile ni jukwaa tupu lililowekewa kamera, na mtu asiyetoka jukwaani asingelimaliza.

Tatizo langu na Blanchett kama somo la kujifunzia, na hapa wengi watanikatalia, ni kwamba anafanya mengi kwa wakati mmoja na kwa ufasaha mno. Mwanafunzi anabaki mdomo wazi. Anatoka pale na neno "anatisha" na hana la kuongeza. Kwa Weaving unaona msumari ulipopigwa.

Filamu moja ya kukuamulia

Kabla hujaamua kwa maneno yangu, tafuta Little Fish. Iko Cabramatta, magharibi ya Sydney, mtaa wa wahamiaji wengi kutoka Vietnam. Blanchett ni Tracy, mwanamke aliyeacha heroini, anasimamia duka la kukodisha video na anataka mkopo anunue sehemu ya biashara. Benki zinamkatalia kwa sababu ya historia yake, naye anarudi kuwaambia watu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Uongo mdogo ule wa mtu anayetunza heshima, tunaujua sote. Weaving ni Lionel, aliyewahi kuwa kama baba kwake, mchezaji wa raga aliyesahaulika, naye dawa za kulevya bado zimemshika shingoni.

Hakuna mavazi ya kifalme hapa, hakuna kinyago. Wote wawili wako kwenye nyumba za kawaida, jua la Sydney linaunguza. Wote wawili walitwaa tuzo za AFI mwaka ule, yeye ya kike na huyu ya kiume. Watazame wakiwa pamoja. Blanchett anashikilia kila kitu ndani, taya limebana, unaona mtu anayejizuia kuanguka kila sekunde. Weaving ameshaanguka zamani, anatania akiwa chini. Jicho lako likielekea kwa mmoja wao mara nyingi kuliko kwa mwenzake, huyo ndiye wako. Mimi mara ya kwanza lilikwenda kwa Blanchett, miaka michache baadaye nikairudia, likaenda kwa Weaving. Sijui ni umri.

Jukwaani

Hapa ndipo kuna ugumu kwa mtu wa mbali. Mchezo wa jukwaani ukiukosa umeukosa. Tunabaki na picha, maandishi ya wahakiki na masimulizi ya waliolipa tiketi. Kwa hiyo nakupa yale ambayo hata kwa kusimuliwa yana faida.

Blanchett: mwaka 2009 alikuwa Blanche kwenye A Streetcar Named Desire, akiongozwa na Liv Ullmann. Katika onyesho moja la mwanzo Sydney, redio iliyorushwa kwenye tukio la ugomvi ilimpiga kichwani na onyesho likasitishwa. Akarudi, na igizo likasafiri hadi Washington na Brooklyn. Miaka minne baadaye ikaja Blue Jasmine: mwanamke aliyekuwa tajiri New York, ameanguka, anakwenda kujibanza kwa ndugu yake, anajidanganya mpaka akili inakatika. Ukijua kwamba alishatembea na Blanche usiku baada ya usiku, unaelewa kwa nini Jasmine hakuonekana kubuniwa wiki iliyopita. Hiyo ndiyo faida ya jukwaa kwa filamu ikionyeshwa kwa mfano mmoja, na ni hoja nzito upande wake.

Weaving: mwaka 2014 Sydney Theatre Company ilifanya Macbeth kwa kuligeuza jumba zima. Watazamaji walikalishwa jukwaani, wakitazama upande wa viti. Viti vile vitupu, safu juu ya safu, ndivyo vilivyokuwa Scotland. Mfalme aliyeua ili apate ufalme, na ufalme wenyewe ni ukumbi usio na mtu! Mwaka mmoja kabla yake alikuwa amecheza Waiting for Godot na yule Roxburgh wa Hamlet, mwaka mmoja baada yake akacheza Endgame. Angalia mpangilio huo: huku studio za Marekani zinamwita, yeye yuko nyumbani anacheza maigizo mawili ya Samuel Beckett, Godot na Endgame, na moja la Shakespeare ndani ya miaka mitatu.

Na walipokutana kwenye Uncle Vanya, igizo la Mrusi Chekhov, mwaka 2010, mwongozaji alikuwa Mhungaria, Tamás Ascher, aliyefanya mazoezi nao akitumia mkalimani. Blanchett akawa Yelena, mke mzuri anayekufa kwa uvivu wa maisha, Weaving akawa daktari Astrov anayempenda, Roxburgh akawa Vanya. Kazi ikapelekwa Washington mwaka 2011 na New York mwaka 2012. Wahakiki wa kule walishangaa kuona Chekhov ya kuchekesha hivyo, watu wanagongana, wanaanguka, halafu ghafla kimya.

Aliyeshika funguo

Jambo ambalo Blanchett amefanya na Weaving hakufanya: aliendesha ukumbi. Kuanzia mwaka 2008 yeye na mumewe, Andrew Upton, walikuwa wakurugenzi wa sanaa wa Sydney Theatre Company, na yeye alikaa hadi mwaka 2013. Hiyo ni bajeti, ratiba, kubembeleza wafadhili, kuchagua nani apewe nafasi na nani akose. Ofisi za kampuni ziko kwenye gati la zamani la Walsh Bay, na chini ya uongozi wao paa la gati lile liliwekwa paneli za sola karibu 1,900. Nyota wa filamu kwenye kilele chake kukaa miaka kadhaa akisimamia paa na mishahara, hilo si la kawaida. Kama mada yako ni mwigizaji kama kiongozi, au unafikiria siku moja kufungua kikundi chako, mchukue yeye bila kufikiri mara mbili.

Weaving uongozi wake ni wa aina nyingine, wa kukataa. Mhusika wa uso mwekundu alirudi kwenye filamu ya Marvel ya mwaka 2018, na ndani ya vipodozi alikuwa mtu mwingine. The Matrix iliporudi mwaka 2021, Smith akachezwa na Jonathan Groff. Weaving ameeleza kwamba alikuwa amekubali igizo, The Visit, katika National Theatre ya London, na tarehe zikagongana. Igizo lenyewe likafunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwezi Machi korona ikafunga kumbi zote. Hapo ndipo mwenye roho nyepesi angelia.

Tusimwonee Blanchett lakini. Naye amekwenda kwa Marvel, akacheza Hela kwenye Thor: Ragnarok ya mwaka 2017, na inaonekana alifurahi kila dakika. Na jukwaa hajaliacha: mwaka 2025 alikuwa Barbican, London, kwenye The Seagull.

Basi chukua huyu

Kama unasoma kuigiza, na hasa kama kikundi chenu hakina taa wala mavazi wala ukumbi wa maana, chukua Weaving. Anza na Proof, kisha The Interview, kisha V for Vendetta, na The Matrix iache mwishoni ukiwa umeshamjua, utaona kumbe yule adui alikuwa na mzaha mwingi. Ukitaka kuona uzee umemfanya nini, mtafute kwenye msimu wa nne wa Slow Horses wa mwaka 2024.

Kama wewe ni mpenzi wa filamu tu na hutaki kazi za nyumbani, chukua Blanchett: Elizabeth, Blue Jasmine, Carol ya mwaka 2015, Tár. Hakuna hata moja itakayokufanya uangalie saa. Kama unapenda tu za nyumbani kwao, ongeza The New Boy ya mwaka 2023, ambamo ni mtawa wa kike katikati ya Australia kavu.

Kama una jioni moja tu maishani, Little Fish, na usinirudie na swali.

Mpwa wangu amechukua Weaving. Nilimpa sharti moja: V for Vendetta aitazame mara ya kwanza akiwa amezima sauti, dakika ishirini tu. Juzi usiku akanitumia picha aliyojipiga, kajifunika uso kwa sahani ya karatasi aliyoichora mdomo unaocheka, kainamisha kichwa chini ya taa ya chumbani. Chini kaandika: "Mjomba, nimejaribu mara kumi na tano, bado inacheka."

Nimemjibu ashushe kidevu zaidi.